Jinsi ya Kuhifadhi Soseji Kwenye Jokofu kwa Usalama

Swali la kwanza ambalo watu huuliza kuhusu soseji ni zinaweza kukaa siku ngapi kwenye jokofu, ilhali lipo swali jingine linalopaswa kulitangulia: soseji zenyewe ni za aina gani? Soseji mbichi iliyotengenezwa asubuhi buchani, soseji iliyopikwa kiwandani na kufungwa kwenye pakiti isiyo na hewa, na salami iliyoning'inizwa kwa wiki kadhaa hadi ikakauka, zote huitwa soseji na zote zina umbo linalokaribiana, lakini kwa upande wa usalama ni vyakula vitatu tofauti kabisa. Ya kwanza haipaswi kupita siku 2 kabla ya kupikwa au kugandishwa. Ya pili, pakiti ikishafunguliwa, hukaa wiki 1. Ya tatu huvumilia hadi wiki 3 baada ya kuanza kukatwa. Mtu anayezihesabia zote siku zilezile ama atatupa chakula ambacho bado ni kizima, au atakula kilichokwisha kuharibika.

Kutambua soseji uliyo nayo

Soseji mbichi ni nyama iliyosagwa, ikachanganywa na mafuta, chumvi na viungo, kisha ikajazwa ndani ya utumbo uliosafishwa au ndani ya ganda la kutengenezwa, bila kupitishwa motoni. Ndiyo dhaifu kuliko zote, na sababu kubwa ni kule kusagwa. Bakteria waliomo kwenye pande zima la nyama huwa wengi zaidi upande wa nje, mahali ambapo moto huwafikia mapema. Nyama inapopita kwenye mashine, wale waliokuwa nje husambazwa hadi katikati, na nyama yote hupata nafasi ya kugusana na hewa, vyuma na mikono. Kwa hiyo muda wake kwenye jokofu ni siku 1 hadi 2 tu, iwe ni ya ng'ombe, ya nguruwe, ya kuku au ya mchanganyiko. Ikiwa una shaka kwamba utaipika ndani ya muda huo, igandishe siku hiyohiyo uliyoinunua, usingoje hadi jioni ya siku ya pili ndipo ukumbuke.

Soseji iliyopikwa kiwandani, zikiwamo zile nyembamba za kuwekwa ndani ya mkate, imekwisha kupita kwenye joto lililoua bakteria wengi, na mara nyingi huwa na chumvi ya nitriti, ambayo ndiyo huipa rangi ya waridi isiyopotea hata baada ya kupikwa. Nitriti haikuwekwa kwa ajili ya rangi pekee. Huzuia ukuaji wa Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya kupoozesha misuli, sumu ambayo katika miaka ya 1820 daktari Mjerumani Justinus Kerner aliieleza kwa kina baada ya kuchunguza watu waliougua kwa kula soseji zilizoharibika. Pakiti ya soseji hizi ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu wiki 2, na ikishafunguliwa wiki 1, mradi tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa kwenye lebo isipitwe.

Salami na soseji nyingine ngumu zilizokaushwa hujilinda kwa njia yao wenyewe: zina chumvi nyingi, zina uchachu uliotokana na kuvundikwa, na maji yaliyobaki ndani yake ni machache mno kwa bakteria wengi kustawi. Ikiwa nzima na haijafunguliwa, nyingi huweza kukaa hata kabatini hadi wiki 6 pale lebo inaporuhusu, lakini zikishakatwa mahali pake ni kwenye jokofu, kwa wiki 3. Ile iliyouzwa ikiwa imekatwa vipande vyembamba ihesabiwe kwa kufuata lebo yake, kwa sababu kila kipande kimeguswa na kisu na kina nyuso mbili zilizo wazi.

Mtego uko kwenye moshi. Wanunuzi wengi wanapoona soseji yenye rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi huamini kwamba imeiva, ilhali moshi wa baridi huipa nyama rangi na ladha bila kuipika. Soseji ya namna hiyo huwa bado mbichi ndani, na lebo yake husema kwamba ipikwe kabla ya kuliwa. Ikiwa umenunua soseji isiyo na lebo, na muuzaji hawezi kukuambia kwa uhakika kwamba imepikwa, ihesabu kuwa mbichi.

Lipo pia kundi linalozaliwa nyumbani, nalo ni kiporo. Soseji mbichi uliyoikaanga au kuichemsha mwenyewe haiingii kwenye kundi la soseji za kiwandani, kwa kuwa haikufungwa katika mazingira safi ya kiwanda wala haina ulinzi wa nitriti wa kutegemewa. Kiporo cha soseji hukaa siku 3 hadi 4, na hesabu hiyo husimama juu ya sharti kwamba soseji ilipikwa ikaiva kweli: nyuzijoto 71 za Selsiasi katikati ya soseji ya ng'ombe au nguruwe, na nyuzijoto 74 kwa ya kuku au bata mzinga.

Tarehe ya lebo na tarehe yako

Tarehe iliyochapishwa kwenye pakiti inazungumzia pakiti iliyofungwa na iliyokaa kwenye baridi muda wote. Siku unayoikata, tarehe hiyo inapoteza sehemu kubwa ya maana yake, na hesabu mpya inaanza. Soseji zilizopikwa ambazo lebo yake inasema zitatumika hadi mwisho wa mwezi, zikifunguliwa leo, zina siku 7 na si zaidi, hata kama mwisho wa mwezi uko mbali. Na ikiwa lebo inaonyesha siku 3 tu zilizosalia, basi ni siku 3, kwa sababu kati ya hesabu mbili hufuatwa ile inayoisha mapema. Soma pia maneno yanayoandamana na tarehe hiyo. Tarehe ya mwisho wa matumizi inahusu usalama, na haina siku za nyongeza. Ile inayosema bidhaa huwa bora kabla ya siku fulani inahusu ladha na ubora zaidi.

Kwa maoni yangu, kifaa chenye manufaa kuliko vyote katika kazi hii ni kalamu ya wino usiofutika. Andika juu ya pakiti siku uliyoifungua, au, kwa soseji mbichi, siku uliyoinunua. Kumbukumbu ya mtu kuhusu kitu kilichoko nyuma ya jokofu huelekea daima upande wa matumaini. Jambo la siku 5 zilizopita hukumbukwa kama la juzi.

Baridi inayotosha

Hesabu zote zilizotajwa hapo juu zinachukulia kwamba jokofu lina nyuzijoto 4 au chini ya hapo. Kati ya nyuzijoto 4 na 60 bakteria wanaosababisha maradhi huongezeka kwa kasi, na katika joto linalowafaa baadhi yao huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Jokofu lenye nyuzijoto 8 huwa bado baridi mkononi, vinywaji vyake hunywewa kwa raha, na mwenye nyumba hana sababu ya kulishuku, lakini soseji mbichi iliyomo ndani yake haina tena zile siku 2.

Namba zilizo kwenye kitufe cha kurekebishia baridi, yaani 1 hadi 5 au 1 hadi 7, si nyuzijoto; huonyesha tu nguvu ya upoaji. Njia ya kujua ni kipimajoto cha jokofu. Kitumbukize kwenye glasi ya maji, uiweke glasi hiyo katikati ya jokofu, kisha usome baada ya saa 5 hadi 8, na njia rahisi ni kuiacha usiku kucha. Maji yana faida hii: hayabadiliki joto kila mlango unapofunguliwa, kwa hiyo kinachosomwa kinakaribia joto la chakula chenyewe kuliko joto la hewa inayoingia na kutoka. Ikiwa kipimo kinazidi nyuzijoto 4, ongeza nguvu ya upoaji, subiri, upime tena. Ikiwa hakishuki hata baada ya kuongeza, angalia mpira wa mlango kama umelegea, na angalia kama vitu vimesongamana kiasi cha kuzuia hewa baridi kuzunguka.

Hata baridi sahihi haiui. Hupunguza kasi tu, na yupo bakteria mmoja ambaye hata kasi yake haipungui vya kutosha: Listeria monocytogenes, ambaye huendelea kukua polepole katika baridi ya jokofu, karibu kabisa na kiwango cha maji kuganda. Soseji zilizopikwa kiwandani ni miongoni mwa vyakula anavyopenda kuvifikia, kwa kuwa huweza kuingia baada ya kupikwa na kabla ya kufungwa, na walaji wengi huzila bila kuzipasha moto. Katika mlipuko uliotokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, ambao chanzo chake kilikuwa soseji nene ya kukatwa vipande iitwayo poloni, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walifariki. Wanaoathirika zaidi ni wajawazito na watoto wao wachanga, wazee, na watu ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Kwa watu hao, soseji yoyote iliyotoka kwenye jokofu, hata ile iliyoandikwa kwamba iko tayari kuliwa, ipashwe moto hadi nyuzijoto 74 au hadi itoe mvuke kote, na hilo lifanyike pia kwa salami.

Kutoka dukani hadi kwenye rafu

Soseji ziingie kwenye kikapu mwishoni mwa manunuzi, na zikae mbali na mboga na matunda yanayoliwa mabichi. Muda wote zinaokaa nje ya baridi, kuanzia dukani, njiani hadi juu ya meza ya jikoni, usizidi saa 2 kwa jumla. Hewa ikiwa na nyuzijoto zaidi ya 32, usizidi saa 1. Saa hizo hazianzi upya kila soseji inaporudishwa kwenye jokofu. Pakiti iliyokaa mezani dakika 50 asubuhi na dakika 50 mchana imekwisha kutumia karibu muda wake wote.

Ndani ya jokofu, soseji mbichi zikae rafu ya chini kabisa, upande wa nyuma, ndani ya chombo au juu ya sahani yenye kingo. Sababu ni mbili. Kwanza, katika majokofu mengi hapo ndipo penye baridi zaidi. Pili, maji mekundu yanayotoka kwenye nyama mbichi hutiririka kwenda chini, na hayapaswi kukuta chini yake saladi, matunda yaliyooshwa au chakula kilichokwisha kupikwa. Soseji zilizopikwa na viporo vikae rafu ya juu ya hizo mbichi. Mlangoni hapafai kwa aina yoyote ya soseji, kwa kuwa joto la hapo hupanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa. Paachwe kwa ajili ya haradali na chupa za maji.

Pakiti ambayo haijafunguliwa iache kama ilivyo. Ikishafunguliwa, usikunje tu ncha ya plastiki na kuirudisha, maana hewa itaikausha soseji upande mmoja huku maji yakijikusanya upande mwingine. Zihamishie kwenye chombo safi chenye kifuniko kinachobana, au kwenye mfuko wa plastiki wa kufungia chakula uliotolewa hewa kadiri inavyowezekana. Maji yaliyokuwamo ndani ya pakiti yamwagwe, usihame nayo. Soseji mbichi hazihitaji kuoshwa kabla ya kuhifadhiwa. Kuziosha hakuondoi bakteria waliomo ndani ya nyama, bali huwarusha wale wa nje kwenye sinki na kwenye vyombo vilivyo jirani. Salami iliyokatwa nayo ni tofauti kidogo: ifunge upande uliokatwa kwa karatasi ya nta au plastiki iliyobana, kwa sababu ndani ya mfuko wenye unyevunyevu huota ukungu upesi.

Wenye mashine za kufungia chakula bila hewa nyumbani wawe na hadhari ya pekee. Kuondoa hewa huzuia ukungu na kukauka, na kwa ajili ya friza ni jambo zuri sana. Lakini Clostridium botulinum hustawi pale pasipo na hewa, na baadhi ya aina zake hukua hata kwenye nyuzijoto 3. Soseji mbichi iliyofungwa bila hewa nyumbani inabaki na siku zake 1 hadi 2 kwenye jokofu, wala mashine haiongezi hata siku moja.

Kiporo kinapaswa kuingia kwenye jokofu ndani ya saa 2 tangu kuepuliwa. Kukiingiza kikiwa bado na uvuguvugu hakuna ubaya, ingawa wengi wamezoea kungoja hadi kipoe kabisa. Kinachodhuru ni kukirundika moto kwenye chombo kirefu, ambamo katikati hubaki na joto kwa saa nyingi. Zitandaze soseji kwenye chombo kipana na kifupi, ziache zitoe mvuke kidogo, kisha zifunike na kuziweka ndani.

Maji ya soseji mbichi yakimwagika kwenye rafu, yafute mara moja, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha pitisha mchanganyiko wa kijiko 1 kikubwa cha dawa ya klorini ya kuondolea madoa katika lita 4 hivi za maji, ukaushe kwa kitambaa safi. Usingoje siku ya usafi, kwa kuwa Listeria huweza kuishi kwenye rafu na kwenye mifereji ya mpira wa mlango kwa muda mrefu.

Kugandisha na kuyeyusha

Katika nyuzijoto 18 chini ya sifuri, bakteria husimama kukua, na kwa upande wa usalama soseji iliyogandishwa ikiwa nzima hubaki salama bila kikomo. Kinachoharibika ni ubora: mafuta huchacha taratibu hata kwenye barafu, na sehemu zilizo wazi hukauka na kubadilika kuwa nyeupe na ngumu. Kwa hiyo mbichi na zilizopikwa zitumiwe ndani ya mwezi 1 hadi 2. Zipange kwanza kwenye sinia zisigusane, zigande, ndipo uzitie kwenye mfuko na kutoa hewa. Hapo utaweza kuchukua mbili bila kulazimika kuyeyusha kumi.

Kuyeyusha kufanyike ndani ya jokofu, kwa usiku mzima, soseji zikiwa kwenye sahani. Ukiwa na haraka, zitumbukize zikiwa ndani ya mfuko usiovuja kwenye maji baridi, ubadilishe maji hayo kila baada ya dakika 30, na uzipike papo hapo zikiyeyuka. Zilizoyeyushwa ndani ya jokofu zinaweza kugandishwa tena bila kupikwa ukibadili mawazo ndani ya siku zake 2, ingawa zitapoteza maji na kuwa kavu kidogo. Zilizoyeyushwa kwenye maji haziwezi, mpaka zipikwe kwanza. Kuziacha juu ya meza si njia, kwa sababu ganda la nje hufikia joto la chumba saa nyingi kabla ya katikati kulainika.

Dalili za kuharibika

Ute unaoteleza juu ya soseji, maji meupe mazito ndani ya pakiti, harufu ya uchachu, pakiti iliyovimba, madoa ya kijani au ya kijivu: yoyote kati ya hizo inatosha kuitupa soseji, bila kuionja na bila kuiosha. Ute na uchachu huo kwa kawaida ni kazi ya bakteria wa asidi ya maziwa, ambao ndio huharibu soseji zilizopikwa kwenye baridi. Hao si wale wanaoua. Listeria, Salmonela na wenzao huweza kuwamo kwa wingi wa kutisha katika soseji isiyo na ute wala harufu. Pua hutambua uozo, haitambui maradhi. Ndiyo sababu soseji mbichi yenye siku 5 hutupwa hata kama inanukia vizuri. Unga mweupe mkavu kwenye ganda la salami ya asili ni jambo jingine, kwani huo mara nyingi ni ukungu uliopandwa makusudi na mtengenezaji. Lakini ukungu wenye manyoya, au wa kijani, au mweusi, haumo katika makusudi hayo.

Umeme unapokatika

Jokofu lililofungwa hushikilia baridi yake kwa saa 4 hivi, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kulifungua. Friza iliyojaa huvumilia saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukirudi, angalia kipimajoto kabla ya kuangalia chakula. Soseji zilizokaa juu ya nyuzijoto 4 kwa zaidi ya saa 2, mbichi au zilizopikwa, zitupwe zote, na kuzipika upya hakuzirudishii usalama, kwa kuwa baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Zile za kwenye friza ambazo bado zina chembe za barafu, au ambazo hazijazidi nyuzijoto 4, zinaweza kugandishwa tena. Na kama hukuwapo nyumbani, hujui umeme ulikatika saa ngapi wala ulirudi lini, kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake, kikiwa kimewekwa mapema ndani ya friza, kitakueleza: sarafu ikiwa bado iko juu, barafu haikuyeyuka, ikiwa imezama hadi chini, kila kilichokuwamo kiliyeyuka kikagandishwa tena bila wewe kujua, na soseji hizo ziende jalalani.